Mkuyu wa Misri, lubugo ya Kagera na bei ya jeneza

Familia ikifiwa Hamugembe, hapa Bukoba, kikao cha kwanza hakikawii kufika kwenye jeneza. Haijajulikana nani atampelekea shangazi habari Kanyigo, wala gari la kumsafirisha marehemu hadi kijijini Muleba litapatikana wapi, lakini tayari mtu ameuliza: tunamzika na lipi? Swali ni la haki. Tatizo ni jibu, kwa sababu kwa miaka mingi sasa jibu limekuwa bei. Litafutwe lenye kioo. Litafutwe lenye mishikio inayong'aa na satini iliyokunjwakunjwa mpaka pembeni. Familia ambayo juzi ilishindwa kumalizia ada ya mtoto wa kidato cha tatu inakopa usiku huohuo, na kesho yake alasiri mkopo wote unafukiwa shambani.

Nasema wazi: hiyo si heshima kwa marehemu. Kinachomheshimu aliyelala ni alama zenye maana, ambazo waliobaki wanazielewa na wanaweza kumweleza mtoto akiuliza. Alama hizo tulikuwa nazo, karibu zote zilikuwa za gharama ndogo, na tumeziacha zipotee huku tukinunua vanishi.

Mashahidi wangu wa kwanza ni Wamisri wa kale. Sijui taifa lililolifikiria jeneza kwa kina kama wao, na si watu wa mbali nasi kama tulivyozoea kudhani. Mto Kagera ndio unaoingiza maji mengi kuliko mto mwingine wowote katika Ziwa Viktoria. Maji ya ziwa hilo hutokea Jinja yakaitwa Nile, yakapita Sudani, yakaishia kwenye mashamba yaliyowalisha mafarao. Uhusiano wa pili uko kwenye mti. Majeneza mengi ya Misri yalitengenezwa kwa mbao za mkuyu, uleule unaoota kando ya mito ya Afrika Mashariki. Asili yake ni huku kusini. Kule Misri mkuyu hauzai mbegu, kwa kuwa nyigu mdogo anayebeba chavua yake hayupo. Tangu kale wakulima wameuendeleza kwa kupanda vipande vya matawi, na tunda lake wamelichanja kwa kisu ili liive. Mti ambao Wamisri waliukabidhi miili ya wapendwa wao ni mti wa upande wetu.

Waliutegemea kwa sababu nchi yao haikuwa na misitu. Mierezi ililetwa kwa meli kutoka Lebanoni, ikawafaa wafalme na matajiri. Seremala wa kawaida alibaki na mkuyu na migunga: mbao fupi, zilizopinda, zenye macho. Alizipanga vipande vipande, akazishikiza kwa vijiti badala ya misumari, mianya akaiziba kwa udongo na plasta, kisha ndipo mchoraji akaja na rangi zake.

Simama kwenye karakana yoyote ya majeneza hapa kwetu, utaiona kazi hiyohiyo. Ubao wa paini una jicho lililodondoka na kuacha tundu. Fundi anakusanya vumbi la msumeno, analichanganya na gundi nyeupe kwenye kifuniko cha kopo, anapachika kwa ncha ya kisu, anaacha likauke. Halafu anapiga msasa mpaka kidole kikipita juu yake hakisikii kitu. Rangi ya kahawia inafuata, kisha vanishi mara mbili au tatu, na siku ya mazishi hakuna atakayejua kwamba ubao ulikuwa na tundu. Nawaheshimu mafundi hawa kwa dhati. Wanafanya kazi usiku kwa sababu kifo hakina saa, wanapokea vilio mlangoni kabla ya kupokea malipo, na mtaani bado wapo wanaowakwepa kana kwamba wao ndio wanaoleta misiba. Hoja yangu haiwahusu wao. Inatuhusu sisi wateja.

Fundi wa Misri na fundi wa Hamugembe wanaachana kwenye rangi. Kwa Mmisri kila rangi ilikuwa na kazi ya kufanya. Nyeusi ilikuwa rangi ya tope ambalo mafuriko ya Nile yaliliacha shambani, tope lililootesha ngano, kwa hiyo ilikuwa rangi ya uhai unaorudi. Ndiyo maana Osiris, mungu wa wafu, alichorwa akiwa na ngozi nyeusi au ya kijani. Manjano ilikuwa jua na dhahabu, rangi ya mwili wa miungu. Makuhani wa Amuni kule Thebes walizikwa katika majeneza ya manjano yaliyojaa michoro, na mwaka 1891 yaligunduliwa 153 katika shimo moja. Ndani ya jeneza mara nyingi alichorwa Nut, mungu wa kike wa anga, amemtandazia marehemu mikono. Jeneza lilikuwa mwili wa mama. Marehemu aliingia humo kama mimba inayosubiri kuzaliwa alfajiri pamoja na jua.

Yapo pia majeneza ya zamani zaidi, ya karibu miaka 4,000 iliyopita, ambayo ni masanduku ya pembe nne yenye macho mawili makubwa yaliyochorwa ubavuni. Marehemu alilazwa kwa ubavu wa kushoto, uso ukiwa nyuma ya macho hayo, na upande huo ukaelekezwa mashariki ili aone jua likichomoza.

Hapo nakumbuka kioo chetu. Sisi tunakata dirisha dogo kwenye kifuniko, usawa wa uso, tunapiga foleni na kuchungulia. Macho ya Mmisri yalimsaidia marehemu kutazama nje. Kioo chetu kinatusaidia sisi kutazama ndani. Sikatai kwamba kuaga kwa macho kunatuliza moyo, hasa kwa aliyesafiri siku nzima kutoka Dar es Salaam na kufika kaburi limekwisha chimbwa. Lakini tukubaliane kioo ni cha nani. Ni cha waombolezaji, na kuaga kunawezekana bila kioo, kifuniko kikiwa wazi sebuleni.

Mtu anaweza kunirudi hapa: Wamisri si ndio waliotumia mali nyingi kuliko wote? Ndiyo, walitumia. Kumbukumbu za mafundi wa kijiji cha Deir el-Medina, waliochimba makaburi ya wafalme, zimeandikwa kwenye vigae na zinataja bei. Jeneza la mbao lilifika deben (kipimo chao cha uzito) 20 hadi 40 za shaba, wakati posho ya nafaka ya fundi kwa mwezi ilikuwa na thamani ya takriban deben 11. Mishahara ya miezi miwili, mitatu, ilikwenda kwenye sanduku moja. Walibanwa kama tunavyobanwa.

Tazama basi walivyofanya walipobanwa. Kaburi la Sennedjem, mmoja wa mafundi hao, lilifunguliwa mwaka 1886 likiwa halijaguswa. Ndani mlikuwa na miili 20 ya ukoo, na 9 tu ndiyo iliyokuwa ndani ya majeneza. Ilikuwa nyumba ya mafundi wenyewe, watu waliojua kuchonga na kupaka, na bado zaidi ya nusu ya ukoo walilala bila jeneza. Hawakutupwa nje wala hawakuzikwa kwa aibu mahali pengine. Walilazwa chumba kimoja na wenye majeneza ya rangi, chini ya kuta zinazoonyesha shamba la ahera lenye ngano ndefu na mungu wa kike akitokea katika mkuyu, akiwapa maji na chakula. Mchoro ukutani uliwahudumia wote.

Baadaye, karibu miaka 3,000 iliyopita, uchumi wa Misri ulipoyumba na mbao zikawa adimu, walianza kutumia tena majeneza ya zamani. Mtafiti wa Marekani Kathlyn Cooney amechunguza mamia ya majeneza ya kipindi hicho katika majumba ya makumbusho na kuonyesha jinsi jina la mwenye jeneza wa kwanza lilivyofutwa, plasta mpya ikapakwa, jina lingine likaandikwa; pengine jeneza la mwanamke likageuzwa la mwanamume kwa kubadilisha mikono na nywele. Wapo wanaouona huo kuwa wizi wa makaburini, na mara nyingine ulikuwa wizi kweli. Mimi naona pia kitu kingine. Katika dhiki waliacha mbao mpya, waliacha mierezi, waliacha dhahabu, lakini hawakuacha jina, wala Nut, wala Osiris. Walijua kipi kinaweza kupunguzwa na kipi hakipunguziki.

Sisi tumefanya kinyume. Tumeshika mbao na mng'aro, tukapunguza alama.

Wazee wa Buhaya walizikwa wamefungwa nguo ya lubugo, ile ya magome ya mti. Majirani zetu Waganda huuita mti huo mutuba, nao ni ndugu wa mkuyu, wa jamii moja ya mitini. Mafundi wake huubambua wakati wa mvua, gome likiwa na maji. Hukata mduara juu na mduara chini, wakalichana gome kwa urefu na kulivua lote kama shati. Hukwangua ngozi ya nje, kisha hulilaza gome juu ya gogo na kulipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, nyundo ya mifereji mikubwa ikitangulia na ya mifereji midogo ikimalizia, mpaka gome linapanuka mara kadhaa na kulainika. Juani linageuka rangi ya udongo mwekundu. Mti nao hauachwi uchi: hufungwa kwa majani ya mgomba, na baada ya muda gome jipya linaota. Mti mmoja unaweza kuvunwa kwa miongo mingi.

Sijui alama ya mazishi iliyo kamili kuliko hiyo. Mtu amefungwa ndani ya nguo ya mti ambao bado umesimama kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, umejifunika majani ya mgomba, unaota upya. Imani ya Mmisri aliyerudi ndani ya mama yake Nut ndani ya sanduku la mkuyu, babu zetu waliishika kwa njia ya moja kwa moja zaidi, bila kuukata mti.

Nguo hiyo ilianza kurudi nyuma zamani. Kabla wasafiri Waingereza Speke na Grant hawajapokewa na mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshafungua kituo chao Kafuro, na merikani na kaniki zilikuwa zimeanza kuwa nguo za wakubwa. Uganda haikukubali ipotee. Kabaka Ronald Mutebi alitawazwa mwaka 1993 akiwa amevaa lubugo, makaburi ya Kasubi yalipoteketea mwaka 2010 watu waliyalilia wakiwa wamejifunga lubugo, na ufundi wake uliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu, baada ya kutambuliwa kwanza mwaka 2005. Masaka ni safari ya asubuhi moja ukivuka Mutukula. Walichokihifadhi wao ni chetu pia.

Kisha kilikuja kipindi kilichobadilisha mengi katika kuzikana kwetu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa hospitali ya Ndolage, Muleba. Miaka iliyofuata msiba haukungoja msiba. Wazee wa mtaani husimulia kwamba zamani jeneza liliagizwa mtu akishafariki, majirani wakachanga mbao, fundi akaja kupima. Lakini vifo vilipozidi, majeneza yakaanza kutengenezwa kabla na kusimamishwa barabarani, ukubwa mbalimbali, mpaka ya watoto. Hakuna wa kulaumiwa. Fundi alitimiza haja. Ila jeneza likishakuwa bidhaa ya kupangwa dukani, bei inaanza kuongea. Kilichokuwa kazi ya majirani kikawa manunuzi ya familia, na familia ikaanza kupimwa kwa manunuzi yake.

Waislamu wa Hamugembe hawajaingia kwenye mbio hizi, na sisi wenzao tuwatazame kwa makini. Maiti huoshwa, huvishwa sanda nyeupe, hubebwa kwa jeneza la msikiti, lilelile alilobebewa tajiri wa wiki iliyopita na atakalobebewa fukara wa wiki ijayo. Kaburini hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea Kibla, na jeneza linarudi msikitini. Hakuna anayekopa ili kulipata. Sijasikia mtu akisema Mwislamu hakuzikwa kwa heshima kwa kuwa alizikwa bila sanduku. Na Mkristo mwenzangu anayesema lubugo ni mambo ya kipagani naomba akumbuke kwamba Bwana wetu mwenyewe alizikwa bila jeneza, amefungwa sanda ya kitani, katika kaburi la mtu mwingine.

Nenda pia Kaboya, palepale Muleba, walikolala wanajeshi waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wamelala safu kwa safu, kama walivyosimama gwaridani. Mgeni anayefika pale haulizi nani alizikwa na mbao gani. Anasoma majina.

Jambo linalonigusa kuliko yote, hata hivyo, ni la majini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wa kwetu. Miongoni mwao wapo waliozikwa makaburi ya Igoma bila ndugu kuwatambua, na wapo ambao ziwa halikuwarudisha. Kwa Mhaya hilo ni jeraha la aina yake, kwa sababu mtu wetu hana budi kurudi kibanjani. Hata aliyefia Ulaya huchangiwa mpaka arudishwe. Nyumba ambazo hazikuzika zipo hadi leo, na nimewasikia wazee wakijilaumu kana kwamba wao ndio walioshindwa kumleta mtu nyumbani.

Wamisri waliliwaza jambo hili. Katika Amduat, maandishi na michoro ya safari ya jua usiku iliyopakwa ukutani mwa makaburi ya wafalme, likiwemo la Thutmose wa Tatu, usiku umegawanywa saa 12. Katika saa ya kumi wamechorwa watu waliozama. Wanaelea majini, mmoja kifudifudi, mwingine chali, mwingine kwa ubavu. Hawana jeneza, hawana kitani, hawana kaburi. Mungu Horus amesimama ukingoni, akiwaongoza watoke salama na kuwaahidi kwamba miili yao haitaoza. Watu waliotumia mishahara ya miezi mitatu kununua jeneza waliamua, katika maandishi yao matakatifu kabisa, kwamba aliyekosa jeneza hakupotea. Aliyeandika hayo aliishi kando ya maji yanayotoka ziwani kwetu. Ningependa kila nyumba iliyofiwa na MV Bukoba ijue kwamba mchoro huo upo.

Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani hatua chache kabla ya uwanja wa ndege wa Bukoba na kuua watu 19, majeneza yalipangwa kwenye uwanja wa michezo wa Kaitaba na mji mzima ukaja. Hatukuuliza bei. Tulisimama kwa sababu walikuwa wetu. Tunaweza, basi, kuzika bila kupimana.

Ninachopendekeza kinaanzia kwenye vyama vyetu vya kuzikana, maana ndivyo vyenye nguvu kuliko sheria yoyote. Kila chama kikubaliane na fundi wake jeneza la aina moja: mbao imara, msalaba wa mbao juu yake kwa Wakristo, bila kioo, bila mishikio ya kuagiza. Mwenyekiti azikwe nalo, na mjane asiye na mtoto azikwe nalo. Fundi hatakosa riziki, kwa kuwa atajua mwaka mzima anatengeneza nini na atalipwa na chama kwa wakati, badala ya kuzungushwa na familia yenye madeni. Anayetaka kuongeza kitu aongeze kazi ya mkono: aombe fundi achonge ubavuni jembe la mkulima, wavu wa mvuvi wa Kemondo, kitabu cha mwalimu, tawi la mbuni la mzee aliyesomesha watoto kwa kahawa. Hayo ndiyo maandishi ambayo Mmisri angeyaelewa. Jina liandikwe kwa ukamilifu, jina la Kihaya likiwemo, na mwandishi anayelijua, maana nimeona vibao vya msalaba vilivyokosewa herufi kwa haraka ya mazishi, na hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko mbao dhaifu.

Ndani yake irudi lubugo, hata kipande cha kumfunika kifuani. Kwa sasa itabidi tuinunue Uganda. Lakini mti wake unakubali kivuli cha migomba na kahawa, na hauhitaji kitalu: tawi nene likikatwa na kuchomekwa ardhini mvua za vuli zikianza, linashika. Parokia zina mashamba, misikiti ina viwanja, shule za msingi zina mipaka isiyo na miti. Tukipanda vuli hii, itapita miaka kadhaa kabla ya kubambua gome la kwanza, na muda huo unatosha kuwapeleka vijana wachache wa Hamugembe na Muleba wakajifunze kupiga nyundo kwa mafundi wa Masaka ambao bado wanaijua kazi.